Mbio Ndefu ya Kwanza kwa Mzazi Mwenye Kazi

Mwezi wa Juni mwaka 2025 wanakisomo watatu walitufuata baada ya somo la hesabu. Mmoja ni mama auzaye migebuka sokoni hapa Mpanda, ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Wa pili ni mkulima wa tumbaku. Wa tatu ni fundi baiskeli. Walikuwa wamesikia redioni habari za mbio za Kilimanjaro, ambazo hufanyika Moshi tangu mwaka 2003, na kwamba watu wa kawaida huziingia pia, si wanariadha peke yao. Wakauliza: "Mwalimu, na sisi tunaweza?"

Tulijibu kwamba wanaweza. Baadaye tukakumbuka kwamba sisi wenyewe tangu tutoke chuo cha ualimu hatujakimbia zaidi ya kulifukuza basi. Tukaona aibu kufundisha tusichokifanya, tukaingia nao. Somo hili ni yale tuliyojifunza kwa wiki 16, pamoja na makosa yetu.

Kwanza tujue urefu. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Nusu marathoni ni kilomita 21 na karibu mita 100. Kwa mtu anayeanza, na ana shamba, biashara na watoto, nusu inatosha sana. Tena si lazima kusafiri. Tulipiga hesabu ya nauli ya kwenda Moshi na kurudi, kulala na kula, mkulima akasema fedha hiyo ni mifuko ya mbolea. Basi tukakubaliana kukimbia kilomita 21 hapa hapa Mpanda, kwenye barabara ya kuelekea Sitalike. Tungekwenda kilomita 10 na nusu, kisha tugeuke. Kufika Sitalike kwenyewe hatukutaka. Ni mbali, na kule ndiko inakoanza hifadhi ya Katavi. Viboko wa mto Katuma hawana habari na mazoezi ya mtu.

KUPIMA NJIA

Mwenye simu kubwa anaweza kupima njia kwa simu. Sisi wengi wetu tuna simu za kitochi. Fundi baiskeli akasema hilo ni jambo dogo. Alifunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya gurudumu la mbele, akaweka alama chini, akasukuma baiskeli mpaka kitambaa kikarudi pale pale. Tukapima kwa futikamba: mita 2 na sentimita 20. Maana yake gurudumu likizunguka mara 100, baiskeli imekwenda mita 220.

Kilomita 10 na nusu ni mita 10,500. Gawanya kwa 2.2, unapata karibu mizunguko 4,773. Tulikwenda taratibu tukihesabu, na kila mizunguko 100 ikitimia tunatia jiwe mfukoni. Mawe 47, halafu mizunguko 73, tukapaka chokaa kwenye mti. Msicheke. Hata njia za mbio kubwa za dunia hupimwa kwa baiskeli, yenye kifaa kidogo cha kuhesabia kwenye gurudumu.

MTU WA MWISHO WA MWAKA 1968

Jioni ya kwanza tulisoma pamoja habari za John Stephen Akhwari. Alikuwa mkulima kutoka Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico, mji ulio juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kabla ya nusu ya njia wakimbiaji walisongamana, akaanguka, goti likateguka. Akafungwa bandeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Waliokuwa wameanza ni watu 75. Waliomaliza ni 57, naye ndiye wa 57.

Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Tukatoa: tofauti ni saa 1, dakika 5 na sekunde 1. Ndipo mkulima wa tumbaku akauliza swali zuri: "Sasa huyu aliyeumia, kila kilomita alitumia muda gani?" Saa 3 na dakika 25 ni dakika 205. Gawanya kwa kilomita 42. Inakuja chini ya dakika 5 kwa kilomita. Tulinyamaza kidogo. Mtu mwenye goti lililoteguka, aliyeshika mkia, alikwenda mwendo ambao sisi wazima tusingeweza kuushika hata kwa kilomita mbili.

Tunaeleza haya kwa sababu moja. Anayeanza asijipime kwa wakimbiaji wakubwa. Mwendo wetu sisi ulikuwa dakika 8 kwa kilomita, wengine 9, na huo ni mwendo halali kabisa. Ukienda dakika 8 kwa kilomita, kilomita 21 utazimaliza kwa dakika 168, yaani saa 2 na dakika 48.

ANZA KWA KUTEMBEA

Kosa la wanaoanza ni kukumbuka mchakamchaka wa shule na kudhani miguu ni ile ile. Siku ya kwanza wanatoka mbio kama wamefukuzwa na nyuki, siku ya pili hawawezi kukaa kitako.

Wiki ya kwanza sisi tulikimbia dakika 1, tukatembea dakika 2, tukarudia mara 10. Jumla nusu saa. Tulifanya hivyo mara tatu tu kwa wiki: Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Wiki ya pili, kukimbia dakika 2 na kutembea 2. Wiki ya nne, kukimbia 4 na kutembea 1. Wengine huona kutembea ni aibu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, na hakuna aliyemcheka.

Mwendo upimwe kwa maneno. Ukiwa unakimbia, mwambie mwenzio sentensi nzima, kwa mfano bei ya mchele sokoni. Ukiweza kuimaliza bila kuhema katikati, mwendo ni sawa. Ukikatika, punguza. Ukikimbia peke yako, sema peke yako. Watu watakushangaa wiki moja, halafu watazoea.

Siku mbili za katikati ya wiki ni fupi, dakika 30 mpaka 45. Jumapili ndiyo siku ndefu, na ndiyo inayomjenga mkimbiaji. Tulianza na kilomita 4, tukaongeza moja moja: 5, 6, kisha wiki ya nne tukarudi 5 ili mwili upumzike. Halafu 7, 8, 9, tukarudi 7. Halafu 10, 11, 13, tukarudi 10. Wiki ya 13 kilomita 15, wiki ya 14 kilomita 17, wiki ya 15 tukapunguza mpaka 10. Wiki ya 16 ni mbio yenyewe. Angalia kwamba kabla ya siku ile hatukukimbia 21 hata mara moja. Si lazima. Aliyefika 17 kwa utaratibu atafika 21.

Mkulima aliuliza kama siku ya kulima ni siku ya kupumzika, maana hakukimbia. Hapana. Mwili haujui tofauti ya jembe na mbio, unajua uchovu tu. Siku aliyopakia marobota ya tumbaku toka asubuhi, tulimwambia asikimbie jioni hata kama ilikuwa zamu. Na ndiyo maana tulichagua miezi ya Juni mpaka Oktoba mwanzoni. Mavuno mengi yamekwisha, mvua za Novemba bado. Mtu asianze maandalizi wakati wa palizi.

NANI ANABEBA NDOO?

Sasa tuje kwenye jambo gumu kuliko miguu.

Wiki tatu za kwanza sisi tulikuwa tunatoka jioni tukitoka kazini, moja kwa moja barabarani. Tunarudi giza linaingia, tumechoka, tunaomba maji ya kuoga. Siku moja mama watoto akatuuliza kwa upole, na upole huo ndio uliotutia hofu: "Baba watoto, ukikimbia wewe, nani anabeba ndoo?" Hatukuwa na jibu. Tulipokaa kuhesabu tuliona kwamba mbio zetu za saa tatu na nusu kwa wiki zilikuwa zimelipwa na mtu mwingine. Ndoo mbili za jioni, kuni, na mtoto wa pili ambaye hesabu za shule tulikuwa tunamsaidia sisi, zote zilikuwa zimemwangukia yeye, na hatukumwuliza.

Kwa yule mama wa migebuka mambo yalikuwa kinyume. Yeye hakuwa na wa kumwachia ndoo. Mumewe alikubali kwa mdomo, lakini kila Jumanne jioni shughuli ilimtokea. Mama mkwe naye akasema mwanamke anayekimbia barabarani ameacha kazi gani nyumbani. Mama alikaribia kuacha. Tulikwenda sisi na mkulima kumwona mzee, baba mkwe wake, kwa heshima zote, tukamweleza. Mzee alisikiliza, akauliza kama kuna fedha. Tukasema hakuna. Akacheka, akasema basi si biashara, ni afya. Toka siku ile Jumapili asubuhi watoto walipelekwa kwa babu yao.

Ushauri wetu ni huu. Kabla ya kukimbia hata hatua moja, mkae nyumbani na kalenda. Andikeni siku tatu, saa ya kutoka, saa ya kurudi, na kazi ipi itafanywa na nani au itahamia wakati gani. Sisi tulihamisha maji yakawa ya alfajiri, na hesabu za mtoto zikawa Jumatatu na Jumatano. Na Jumamosi mama watoto akapata nusu siku yake, ya kwenda anakotaka, bila kuulizwa.

Kuhusu saa, wakazi wa Katavi tuna jambo letu. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 1 kwa dakika 4. Mpanda iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii 8 hivi. Zidisha 8 kwa 4: dakika 32. Kwa hiyo jua letu huchomoza nusu saa na zaidi baada ya lile la Dar es Salaam, ingawa saa zetu ni sawa. Mwezi wa Juni hapa jua hutoka karibu na saa moja asubuhi. Anayesoma kitabu kinachosema kimbia saa kumi na moja na nusu alfajiri, ajue kwamba hapa bado ni giza, na dereva wa lori hamwoni. Lakini jioni tunalipwa. Kuna mwanga mpaka karibu na saa moja usiku. Kwa hiyo siku fupi tulikimbia jioni, na Jumapili tulianza mara tu tunapoona njia, kabla ya jua kali. Kimbieni upande wa kulia wa barabara, mkitazamana na magari yanayokuja, na mvae nguo nyeupe.

RABA, MAJI NA CHAKULA

Raba za mitumba zinafaa. Zichague jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi za mchana, na kiache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Sisi tulinunua za rangi nzuri zenye kubana. Kucha moja ikawa nyeusi, ikang'oka. Kandambili na yeboyebo ziachwe nyumbani. Na raba mpya zisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Chakula hakina uchawi. Ugali, wali, viazi vitamu, maharage, karanga, samaki, mboga za majani. Tunavyo. Jumapili asubuhi tulikunywa uji kikombe kimoja, angalau saa moja kabla ya kutoka. Mama anyonyeshaye amnyonyeshe mtoto kabla ya kukimbia, itampunguzia maumivu ya kifua, naye ale na anywe zaidi ya wengine. Mjamzito aulize kliniki kwanza. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari, au anayepata maumivu ya kifua akipanda mlima, apimwe zahanati kabla ya kuanza.

Maji unywe unaposikia kiu. Kwa siku inayozidi saa moja na nusu, tulitengeneza maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari iliyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Msizidishe chumvi. Wala msinywe maji kwa kushindana, kwani maji mengi mno huishusha chumvi ya damu, na hiyo ni hatari vile vile.

Na homa. Katavi ni mkoa wenye malaria. Mwenye homa hakimbii, hata kidogo, hata "kutoa jasho" kama wanavyosema watu. Aende akapimwe.

DENI LISILOLIPWA

Wiki ya 13, mtoto mdogo wa yule mama alipata homa. Zahanati wakapima, ni malaria. Mama alikaa naye siku tisa, hakukimbia, na sokoni pia hakwenda. Mtoto akapona.

Katika siku hizo hizo, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo. Kwa saa zetu ilikuwa kabla ya alfajiri, habari tulizipata asubuhi. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule, wakaachana kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya riadha ya dunia. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi, na mwaka 2017 mjini London alikuwa wa tatu.

Mama akaja ofisini machozi yanamlenga. "Mwalimu, nina deni la siku nne. Nitakimbia leo, kesho na keshokutwa, nilipe."

Tulimkatalia. Sisi tulikwisha kufanya hivyo hivyo wiki ya sita. Kazi ilitubana, tukakosa siku tatu, tukazilipa mfululizo. Goti la kushoto lilitunyima kukimbia siku kumi. Siku iliyopita imepita, haina riba wala haina malipo. Na mwili hausahau kwa wiki moja. Aliyejenga kwa wiki 12 hapotezi nyumba kwa siku tisa. Alikimbia kidogo Alhamisi, na Jumapili ile akafanya kilomita 12 badala ya 17.

Alituuliza kama kuna mama mwenye mtoto mdogo aliyewahi kushinda kitu. Tukamweleza habari za Faith Kipyegon wa Kenya, aliyejifungua mwaka 2018, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Lakini tusidanganyane. Kipyegon kazi yake ni kukimbia. Mama wetu kazi yake ni migebuka, na kukimbia ni juu ya hiyo.

SIKU YENYEWE

Tulikimbia Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Watu wanne, na fundi alikuwa amemwomba mdogo wake atufuate na baiskeli yenye madumu ya maji. Tulikubaliana kilomita 3 za kwanza twende polepole kupita tunavyotaka. Mkulima hakusikia, akatuacha. Tulimkuta kwenye kilomita 16 akitembea, ameshika kiuno, akasema anatazama mahindi. Mwezi wa Oktoba hakuna mahindi.

Fundi alimaliza kwa saa 2 na dakika 19. Sisi saa 2 na dakika 41. Mkulima saa 2 na dakika 58. Mama alikimbia dakika 4, akatembea 1, toka mwanzo mpaka mwisho, kama wiki ya nne. Alifika kwa saa 3 na dakika 6. Baba mkwe alikuwa amesimama chini ya mwembe na wale watoto watatu, na mdogo akaanza kulia akitaka kunyonya. Mama akaketi pale pale chini, raba miguuni, akamnyonyesha.

KAZI YA KUFANYA

1. Pimeni gurudumu la baiskeli moja kijijini kwenu. Likizunguka mara 100 linakwenda mita ngapi? Linazunguka mara ngapi kwa kilomita 1?

2. Mama alitumia saa 3 na dakika 6 kwa kilomita 21. Tafuteni alitumia dakika ngapi kwa kilomita moja. Mlinganishe na Akhwari.

3. Kila mmoja aandike kazi za nyumbani kwake za siku ya Jumanne, toka alfajiri mpaka kulala, na jina la anayezifanya. Mume na mke waandike kwenye karatasi mbali mbali, kisha mlinganishe.

4. Kijiji chenu kinaweza kupima njia ya kilomita 5? Jadilini ipite wapi ili watoto na wazee nao waweze kuingia, na maji yawekwe wapi.